Siku moja Pemba na wenzangu wa skuli: Kigomasha, Misali au Wawi na Pujini?

Mwana_Wete
Assalaam alaykum wanajamvi. Tuko watu saba, tulisoma skuli moja Wete, na tangu tumalize kidato cha nne mwaka 1998 hatujapata kukaa sote pahala pamoja. Mmoja yuko Muscat, wawili Dar, mmoja Tanga, waliobaki tumetawanyika Unguja na Pemba. Mwezi wa tisa Inshaallah sote tutakuwepo Pemba, ila siku ambayo kila mtu ana nafasi ni moja tu, Jumamosi. Kazi ya kupanga nimepewa mimi, na kwa kweli sitaki kuiharibu. Tutaamkia Chake Chake. Njia nilizonazo kichwani ni tatu.

Kaskazini: Konde, tupite ndani ya msitu wa Ngezi mpaka mnara wa taa wa Kigomasha, tumalizie pwani ya Vumawimbi. Au baharini: boti kutoka Wesha mpaka kisiwa cha Misali. Au ile ya karibu: kiwanda cha makonyo Wawi, kinachotoa mafuta kwenye vikonyo vya karafuu, magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa kale, kule Pujini, jioni Wete kwa halua.

Wawili kati yetu magoti yanawasumbua, na mmoja hajui kuogelea. Nipeni rai zenu.

Jahazi_Kuukuu
Waalaykum salaam. Misali, wala usifikiri mara mbili. Mwezi wa tisa ni demani, kusi lishapungua, bahari inatulia. Na kuna jambo litawafurahisha: mwaka ule ule mliomaliza skuli ndio Misali ilipotangazwa kuwa eneo la hifadhi. Wazee wanasema Nabii Khidhr alifika pale akaomba msala wa kuswalia, alipokosa akasema basi kisiwa chenyewe ndio msala wangu, na jina likatoka hapo. Chukueni maji na chakula chenu, kule hakuna duka. Asiyejua kuogelea atakaa kivulini, mchanga ni mweupe na miti ipo.

Dereva_wa_Konde
Mimi napeleka watu kaskazini kila wiki, kwa hiyo nitasema ninalolijua. Njia ya Ngezi ni raha: unatoka kwenye jua la Konde, mara mivule inafunga juu ya barabara na hewa inabadilika ghafla. Kigomasha mnara ni wa chuma, wa zamani, na ukipanda juu unaona bahari pande zote mbili za rasi. Lakini kaka, ngazi zile za mzunguko si za mtu mwenye goti bovu. Atabaki chini anawasubiri, na siku yenyewe ni moja. Kutoka Chake mpaka rasini na kurudi mtakula saa nyingi mkiwa njiani. Ukiamua kwenda, ondokeni alfajiri mara baada ya kuswali.

Wakitaka popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani pengine duniani, hakuna haja ya kufika Ngezi. Pitieni Kidike, iko kati ya Chake na Wete.

Bi_Mashamba
Mwanangu, suala si wapi pazuri. Hamjaonana miaka yote hiyo, mna habari za misiba na ndoa na watoto. Kwenye boti injini inanguruma, hamtasikilizana. Mnarani mnafuatana mmoja mmoja. Tafuteni penye kukaa.

Makonyo_Mawili
Nimesoma yote na namuunga mkono Bi Mashamba, ila naomba niseme kuhusu Wawi, maana watu wanakipita kile kiwanda kama ghala tu.

Nyinyi mmekulia Wete. Basi bila shaka mmekaa usiku kwenye jamvi mkichambua karafuu, taa ya karabai katikati, vidole vinawasha, karafuu upande huu na makonyo upande huu. Sisi nyumbani karafuu zilikuwa za baba, makonyo tulipewa watoto tukauze, na kiatu changu cha kwanza cha skuli kilitoka humo. Sasa nenda Wawi uone yalikokuwa yakienda. Yanajazwa kwenye matangi makubwa, mvuke wa maji unapitishwa ndani yake, mvuke unatoka umebeba mafuta, unapozwa kwenye mabomba unageuka maji, na hapo mafuta yanajitenga. Mwambie anayekutembeza awaonyeshe pale yanapojitenga. Mafuta ya mchaichai yanaelea juu kama mafuta yote unayoyajua, lakini ya makonyo yanazama chini ya maji. Nilipoona mara ya kwanza nilisimama pale mpaka nikaitwa. Ndiyo yale yale yanayopakwa kwenye jino linalouma.

Kiwanda ni cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, lile lile linalonunua karafuu zetu. Pitieni ofisini kwanza muombe, msiingie tu, na uulize kama siku hiyo wanakamua, kwani Jumamosi inaweza kuwa kimya. Ikiwezekana sogezeni hata Ijumaa asubuhi kwa waliokwisha kufika.

Halafu njiani, msimu ukiwa umejibu, mtakuta karafuu zimeanikwa kila ua. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, huku kwetu ikasalimika, na ndiyo maana harufu hii mpaka leo ni ya Pemba. Mwenzenu wa Muscat mvutisheni hiyo kwanza kabla hamjamuuliza habari yoyote.

Jahazi_Kuukuu
Hapo Makonyo umenigusa. Lakini Pujini je? Jua kali, na kilichobaki ni kuta na mashimo.

Makonyo_Mawili
Pujini inataka mtu wa kusimulia. Ukienda na mzee anayejua, atakuonyesha kisima ambacho wasema Mkama Ndume alikigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakiteka maji, mmoja akishuka ngazi na mwengine akitumia ndoo na kamba. Bila mzee, ni kweli, mtaona mawe.

Dereva_wa_Konde
Na gari? Usikodi Hiace. Mtakaa mnatazamana visogo. Tafuta chai maharage, zile za mabenchi mawili yanayoelekeana, kuta wazi. Upepo unapita, kila mtu anamuona mwenzake uso kwa uso, na dereva hawezi kukimbia nayo. Nendeni Wete kwa barabara ya zamani, ina mabonde na mikarafuu na mikoko, hamna haraka.

Mwana_Wete
Nimerudi kuwapa majibu, na shukrani.

Tulikwenda Wawi Ijumaa asubuhi, watano, wawili walikuwa bado hawajafika na hilo limeniuma. Walikuwa wanakamua makonyo. Mwenzetu wa Muscat alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema "marehemu mama", basi, hakuongeza kitu, na sote tukanyamaza naye. Tuliona mafuta yakizama. Mwalimu wetu wa kemia hakuwahi kutuonyesha hivyo.

Jumamosi tulikuwa saba. Pujini tuliifuta. Tulipata chai maharage, tukatoka Chake saa tatu asubuhi, na njia ya mwendo mfupi tuliitumia siku nzima. Tulisimama Kidike, popo wananing'inia kama magunia madogo. Tulisimama kwa bibi mmoja anayeanika karafuu, akatukaribisha, tukakaa jamvini kuchambua pamoja naye zaidi ya saa. Hakuna aliyesahau kazi ile, mikono ilikwenda yenyewe huku tunazungumza. Yaliyosemwa pale hayakuwahi kusemwa kwa simu, na mwenye goti bovu kuliko wote ndiye aliyekataa kunyanyuka.

Wete tulifika kabla ya magharibi. Tukaswali, tukakaa barazani na halua na kahawa chungu mpaka mwenye duka akaanza kufunga milango, naye akatupatia kipande cha mwisho cha halua bila kuchukua pesa.

Mwakani tena Inshaallah, tumeshapanga siku mbili. Jahazi, nitafutie mwenye boti nzuri Wesha, na maboya ya kuvaa yawe saba.