Mjadala: Mti ulioangushwa na mvua kando ya barabara ni kuni za nani?

Mwenye mada, Lang'ata

Ndugu wasomaji, naleta kwenu jambo lililozua ubishi mtaani kwetu tangu mvua za masika. Mkaratusi mkubwa uliokuwa kando ya barabara, ambao mizizi yake ilikuwa imekatwa upande mmoja na wachimbaji wa mtaro, ulianguka usiku na kufunga njia. Asubuhi wafanyakazi walikuja na msumeno wa petroli, wakakata vipande vya kutosha kupisha magari, kisha wakaviacha ukingoni. Haikupita wiki vikawa vimekwisha. Majirani wenye nyumba za zamani zilizo na meko ya ukutani na dohani walibeba vya kwao, akina mama wanaopikia kuni wakachukua matawi, na shina lenyewe likapakiwa kwenye lori na watu ambao hakuna aliyewajua. Chama cha wakazi sasa kimegawanyika: wengine wanataka kaunti ipige marufuku uchukuaji huo, wengine wanasema mti ukishaanguka ni wa yeyote mwenye shoka.

Maoni yangu ni kwamba kuni hizo zigawiwe bure kwa wakazi wa eneo, kwa orodha inayojulikana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, jambo ambalo nyumba ya mawe isiyo na jua hulifanya kuwa zito zaidi. Hita ya umeme ya wati 2,000 hula yuniti mbili kwa saa. Ukiiwasha kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, yuniti sita zimekwenda, na kesho yake unanunua tokeni tena. Kwa nini basi kuni ziozee mtaroni?

Mama wa Kawangware

Ndugu mwenye mada, nakuheshimu, lakini umeanzia sebuleni ilhali wengi wetu tunaanzia jikoni. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 ya familia nchini hupikia kuni. Najua mji una gesi kuliko mashambani, lakini ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliporejeshwa kwenye gesi Julai 2021, mitungi mingi mtaani kwetu ilisukumwa chini ya kitanda, na hata ushuru ulipopunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, si yote iliyotoka. Githeri ya watoto watano hutaka moto wa saa nyingi, na mwenye kuuza maharagwe kando ya njia hawezi kuyachemsha kwa gesi akabaki na faida.

Isitoshe, hiyo bure unayoitaja haitufikii sote kwa kiwango kimoja. Mwanamke anayefika na kamba na panga anaweza kubeba matawi tu. Gogo lenye upana wa meza linamngoja mwenye msumeno, gari na kijana wa kupasua. Mkisema "achukue anayewahi", tayari mmeshaamua nani atapata shina na nani atapata fito. Napendekeza wanaopikia kuni watangulie, na wanaoota moto wafuate.

Mpenda msitu, Muthaiga

Ninaupinga ugawaji wa bure kwa sababu moja kubwa: mti ulioanguka ukishakuwa na thamani kwa jirani, miti mingine itaanza kuanguka kwa msaada. Aliyewahi kuona gome limebambuliwa kuzunguka shina lote anajua ninachosema. Mti hauangushwi siku hiyo. Hunyauka taratibu, majani yakapukutika, na mwenye kubambua akaja baadaye kuomba "kuni za mti mkavu" kama raia mwema.

Watu wa mji huu wana sababu ya kuwa wakali. Msitu wa Karura ungekuwa majumba leo kama Profesa Wangari Maathai na wenzake hawangesimama mbele ya wanyakuzi mnamo 1998 na 1999, na mwaka 2020 ilibidi amri ya rais itolewe ili mti wa mugumo wa Waiyaki Way using'olewe kupisha barabara ya Expressway. Ndani ya msitu, gogo linalooza si taka. Ni chakula cha wadudu na uyoga, na kigong'ota hutoboa kiota katika mti uliokufa ukiwa wima. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 tayari inaruhusu vyama vya jamii vya misitu kupewa haki ya kuokota kuni kwa makubaliano na KFS, shirika la taifa la misitu. Njia hiyo ipo na ina masharti. Tukianzisha mazoea mengine barabarani, yataingia msituni kesho.

Mpasua kuni, Dagoretti

Nimesoma yote kwa makini na naona hakuna aliyetaja jambo ambalo sisi wa kazi hii huanza nalo, nalo ni maji. Mkaratusi ulioanguka mwezi wa Aprili hauwezi kukupasha joto Julai ya mwaka huohuo. Kuni mbichi hubeba maji karibu nusu ya uzito wake, na moto wako utatumika kuyachemsha maji hayo kwanza. Utapata moshi, masizi ndani ya dohani, na sebule bado baridi. Huko Uingereza, tangu Mei 2021, muuzaji haruhusiwi kuuza vifurushi vidogo vya kuni zenye unyevu unaozidi asilimia 20. Hapa kwetu mnunuzi hupimiwa kwa macho.

Mkaratusi upasuliwe ungali mbichi. Ukiuacha ukauke mzima, nyuzi zake zilizosokotana hukaza, na kabari ya chuma utaipiga nyundo mpaka irukie kando. Usianze katikati ya gogo. Anza ukingoni, toa ubao wa kwanza, zungusha gogo, toa mwingine, hadi ubaki na moyo ambao sasa hupasuka kwa urahisi. Penye fundo usishindane napo, geuza upande. Mti wa grivelia hauna shida, hata asiye mzoefu ataupasua kwa shoka la kawaida. Kisha panga kuni juu ya mawe, mbali na ardhi yenye mchwa, paa likinga mvua na pande zikiwa wazi kwa upepo, kwa miezi kadhaa. Ukitaka kujua zimekauka, tazama nyufa kwenye ncha na gonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa ukali, kibichi hutoa mlio mzito uliokufa.

Kuhusu lori, sishangai. Viwanda vya chai vya upande wa Limuru hununua mikaratusi kukaushia majani ya chai, kwa hiyo shina kubwa halikosi mteja.

Muuguzi, Kasarani

Nyongeza fupi. Anayezungumzia kuota moto ataje dohani. Kila msimu wa baridi kuna familia huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Ile gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu. Nyumba ya chumba kimoja isiyo na dohani haifai kupashwa joto kwa kuni wala makaa, ziwe za bure au za kununua.

Mwenye mada, Lang'ata

Nawashukuru. Ndugu wa Muthaiga, hofu yako naielewa kwa msitu, lakini mkaratusi wa barabarani unaoziba mtaro si gogo la Karura, na marufuku wanayoitaka wengine haingelizuia lori. Ingewazuia tu wale wanaotembea kwa miguu. Mwenye kubambua gome anaweza kunaswa kwa njia rahisi: kabla ya kugawa, afisa wa kaunti akague shina, na mti wenye alama ya panga kuzunguka gome usigawiwe kwa yeyote. Mama wa Kawangware apewe haki yake: matawi yatolewe siku hiyohiyo kwa wanaopikia. Mashina yapelekwe kwenye uwanja wa wadi, yapasuliwe mabichi kama fundi alivyoeleza, yakaushwe chini ya paa, na yagawiwe Juni ya mwaka unaofuata kwa nyumba zenye dohani na kwa shule zinazopikia wanafunzi.

Mama wa Kawangware

Hapo tumekaribiana, lakini bado umetaka kazi ya bure. Vijana watakaopasua mashina hayo mabichi watalipwa na nani? Mimi naona nyumba zenye dohani zilipe upasuaji, kwa sababu shoka ndiyo gharama, na shule zipewe bila malipo. Kama wakazi wa Lang'ata wanalikubali hilo, nitaipeleka hoja kwa mwakilishi wetu wa wadi mimi mwenyewe.