Naomba ushauri: Machipuko yasiyotulia hapa North Dakota, nipange vipi nyumba, safari na bustani?

Mama Furaha, Fargo

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mwelekeo wa msimu uliotolewa unasema kwamba hapa kwenye nyanda za kaskazini, yaani Dakota zote mbili na majirani zake, hali ya hewa ya machipuko haitatulia: joto na baridi vitapokezana, na mvua au theluji huenda ikazidi wastani. Nami nimeanza kuona dalili zake, kwani wiki iliyopita watoto walicheza nje na fulana, na kesho yake jioni theluji ilikuwa imefika nusu ya magurudumu ya gari.

Tumepanga nyumba ya chini, ile ambayo madirisha yake yako usawa wa majani, mitaa michache kutoka Mto Red. Mume wangu huenda Bismarck kila wiki kwa kazi, akiendesha usiku kwenye barabara ya I-94. Mimi nimepata kipande katika bustani ya jumuiya na ninatamani sana kupanda mchicha na maharage. Naomba mnieleze, mwelekeo kama huu mtu anautumiaje anapopanga mambo yake?

Mzee Kitwana, Grand Forks

Marahaba, binti yangu. Mwelekeo wa msimu usiusome kama utabiri wa siku. Umewahi kusikia Mamlaka ya Hali ya Hewa kule Tanzania ikitangaza masika kuwa juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Hapa Marekani hesabu ni ileile: pasipo dalili yoyote, kila fungu hupewa takriban asilimia 33, kwa hiyo ukiona asilimia 40 upande wa mvua nyingi, ujue mizani imeinama kidogo tu. Tena wastani wa miezi mitatu huficha mengi, kwa sababu wiki mbili za joto na wiki mbili za baridi kali zikijumlishwa zinaweza kuandikwa kuwa majira ya kawaida kabisa.

Chanzo cha kutotulia ni ardhi yenyewe. Hakuna mlima wa kuzuia hewa baridi inayoteremka kutoka Kanada, wala wa kuzuia hewa yenye unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko, na hapa ndipo zinapokutana.

Jambo la kukushughulisha kuliko yote ni mto. Mto Red unatiririka kuelekea kaskazini, kwa hiyo theluji ya kusini huyeyuka mapema na maji yake huyakuta mabarafu ya mbele bado hayajaachia. Bonde lenyewe ni sakafu ya ziwa la kale, Agassiz, tambarare kama meza, na mto ukishatoka kingoni hauna pa kuishia. Fargo mafuriko huanza kuhesabiwa mto ukifika futi 18, na Machi 28, 2009 ulifika futi 40.84. Hapa kwetu mwaka 1997, baada ya majira ya baridi yenye dhoruba nane kubwa za theluji, watu walijiandaa kwa futi 49 zilizotabiriwa, mto ukapanda hadi kupita 54, mji ukahamwa na katikati yake pakaungua moto. Mimi nilihamia baadaye, lakini majirani wangu wanaposimulia bado hushusha sauti.

Basi leo hii nenda kwenye shimo la pampu ya kutoa maji ya chini ya nyumba, lililo sakafuni mwenu, mimina ndoo ya maji polepole, na utazame boya. Likipanda, pampu iwake yenyewe na iyavute maji yote. Kisha toka nje uhakikishe mdomo wa bomba lake haujazibwa na barafu.

Dereva wa Usiku

Dada, mwambie shemeji asitazame msimu, atazame ramani ya barabara ya jimbo saa ileile anayotaka kuondoka. Katikati ya Aprili 2022, wakati wengine walishaanza kusafisha bustani, dhoruba ilifunga I-94 na Bismarck ikapata zaidi ya futi moja ya theluji. Lango la kufunga barabara likishushwa, alale alipo. Tangi lisipungue nusu, blanketi na koleo viwe ndani ya gari, na akikwama asiwashe injini kabla ya kufukua theluji kwenye bomba la moshi, kwa maana gesi ile huua kimya.

Bi Riziki, Moorhead

Mwenzangu, usidanganywe na jua la Aprili. Sakitu ya mwisho hapa kwa kawaida huangukia Mei, na wenyeji wengi husubiri hadi mwisho wa mwezi huo. Udongo wetu ni mfinyanzi mweusi unaonata: shika donge, libonye, na likikaa kama andazi bila kumeguka, bado. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda maharage mapema, na nilipofukua baada ya siku kumi nilikuta mbegu laini zinazonuka. Anzisha miche ya nyanya kwenye trei dirishani, lakini mchicha ungoje joto.

Msomaji wa Mikataba

Nyongeza moja ya haraka. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko, na bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Usingoje mto upande.

Mama Furaha, Fargo

Asanteni sana. Mzee, nimemimina ndoo. Boya lilipanda hadi juu na pampu haikuwaka. Nimempigia mwenye nyumba na kumwandikia pia, fundi anakuja kesho asubuhi, na bima naiulizia leo. Vyeti vya watoto nimeshavipandisha kabati la juu.

Mzee Kitwana, Grand Forks

Umefanya vyema, binti yangu. Fundi akimaliza, rudia ndoo yeye akiwa hapo hapo.