Bronte, Sicilia: nendeni mwaka wa mavuno

Ndugu wanajumuiya, salamu kwenu nyote.

Dada yetu wa Bologna ameuliza kama Bronte, mji wa kisiwa cha Sicilia, Italia, chini ya volkano ya Etna, panafaa kwa matembezi na kwa kibarua cha msimu. Ninaishi Catania na mji huo ninaupenda sana, hivyo naomba mniruhusu nieleze.

Dada, kwanza angalia mwaka. Pistashio ya Bronte, ile njugu ya kijani inayozaa mtini, huvunwa miaka witiri tu, kama 2025 na 2027, kuanzia mwisho wa Agosti. Miaka ya shufwa wakulima huyaondoa machipukizi kwa mkono ili mti upumzike. Miti yenyewe imepandikizwa juu ya mti-mwitu wa jamii yake, ambao mizizi yake hupenya nyufa za lava iliyopoa. Ipo midume na mijike kama mipapai ya kwetu, na upepo ndio unaobeba chavua. Kwa kuwa trekta haiwezi kupita kwenye miamba ile, mchumaji hushika tawi kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine, mfuko ukining'inia shingoni, huku utomvu ukimganda vidoleni. Baada ya kumenywa, pistashio huanikwa juani siku tatu au nne. Ukivunja gamba utaona ngozi ya zambarau, na chini yake kijani kilichokolea.

Kuhusu kibarua, dai mkataba wa maandishi kabla hujashika ndoo. Mwaka mmoja nilikubali ahadi ya mdomo, nikalipwa nusu ya tulichopatana, wala sikuwa na karatasi ya kudaia haki yangu. Sheria ya Italia namba 199 ya mwaka 2016 inawaadhibu madalali wa vibarua pamoja na waajiri wanaowanyonya wafanyakazi, ila ushahidi lazima uwe nao.

Uchungu wa ardhi ni wa siku nyingi pale. Kilimo cha pistashio kilistawishwa na Waarabu, na hadi leo wenyeji huiita frastuca, kutokana na neno la Kiarabu fustuq. Mwaka 1799 Mfalme Ferdinand wa Sicilia alimzawadia eneo hilo Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, ambaye hakuwahi kulikanyaga. Agosti 1860, wakulima waliotarajia kugawiwa ardhi baada ya Garibaldi, kiongozi wa kijeshi aliyepigania kuiunganisha Italia, kuingia Sicilia waliasi na kuua watu. Nino Bixio, jenerali wa Garibaldi, akafika, na tarehe 10 watu watano wakapigwa risasi karibu na kanisa la San Vito, akiwemo wakili Nicolò Lombardo aliyekuwa akiwatetea wakulima. Mimi siwezi kupita pale bila kusimama.

Ngome ya Nelson iko Maniace, nje ya mji. Warithi wake waliimiliki hadi 1981. Ukipanda Circumetnea, treni inayouzunguka Mlima Etna, kutoka mji wa Adrano, kaa upande wa kulia uuone mlima, na usipange safari ya Jumapili, kwa kuwa kwa kawaida treni hizo hazitembei siku hiyo.

Ndugu yenu, Catania