Darasa la upishi wa Kifaransa kwa watu 16 wa ofisini: tupike nini mpaka watu wazoeane?

Binti Pangani (Lyon)

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuandaa au kufundisha jambo hili. Nafanya kazi kwenye ofisi ya usafirishaji mizigo hapa Lyon. Mwezi wa tatu idara mbili ziliunganishwa, tukawa watu 16 ndani ya chumba kimoja, na mpaka leo waliotoka ghorofa ya pili wanakula peke yao, sisi wa chini peke yetu. Meneja amenipa kazi ya kupanga darasa la upishi wa Kifaransa, Alhamisi alasiri, ili watu wazoeane.

Nina wasiwasi, maana mwaka juzi kwenye kampuni niliyokuwa kabla ya hii tulipelekwa darasa kama hilo. Mpishi alisimama mbele akapika, sisi tukasimama nyuma tumeshika glasi. Wawili waliozoea kujitanguliza ndio walioshika visu, wengine tukapewa kuchambua majani. Chakula kilikuwa kizuri kweli. Kesho yake ofisini kila mtu alirudi kwenye kona yake kama vile hatukuwahi kutoka pamoja.

Safari hii tuko Waislamu watatu pamoja na mimi, kuna mwenzetu mjamzito, na mmoja ana mzio wa lozi na karanga, hata chembe hathubutu. Halafu kuna kaka wa stoo, mzaliwa wa hapahapa Lyon, amenifuata pembeni akaniambia hajawahi kupika kitu maishani na hataki kuaibika mbele za watu. Huyo ndiye ananiumiza kichwa kuliko wote. Tupike nini, na watu niwagawe vipi?

Kaka wa Likoni (Brussels)

Pole na majukumu, dada. La kwangu ni moja tu: shikilia hapohapo Alhamisi, tena ndani ya saa za kazi. Kwetu waliweka Jumamosi, na wenye watoto wadogo wakashindwa kuja. Jumatatu waliokuja walikuwa na stori zao, wasiokuja wakabaki wanasikiliza. Pengo likaongezeka badala ya kupungua.

Mama Sosi (Villeurbanne)

Mdogo wangu, hii ndiyo kazi inayoniweka mjini. Nimezaliwa Tanga, cheti cha upishi nimesomea hapa Lyon, na huu mwaka wa nane nafundisha vikundi vya maofisini. Acha nikueleze ninavyoona.

Mwaka juzi hapakuwa na mtu aliyemhitaji mwenzake, ndiyo maana mlirudi kama mlivyokwenda. Kuvaa aproni pamoja hakuunganishi watu. Wanaunganishwa na kitu ambacho kiko kwako, mimi nakitaka, na nisipokuja kukuomba chakula changu kinaharibika. Kwa hiyo chagua vyakula vinavyogombania kitu kimoja. Mimi kitu hicho huwa ni oveni.

Ningekuwa wewe ningeomba meza nne za watu wannewanne. Meza moja kuku wa Kibasque, yule wa nyanya na pilipili hoho. Ya pili gratin dauphinois, viazi vilivyokatwa vyembamba vikaiva ndani ya krimu na maziwa na kitunguu saumu. Ya tatu wapike vile vitumbua vitupu ndani vya profiterole, na ya nne krimu ya kujazia pamoja na sosi ya chokoleti. Sasa hesabu. Gratin inataka moto wa nyuzi 160 hivi kwa zaidi ya saa nzima. Profiterole zinataka nyuzi 180 kwa karibu nusu saa, na mlango haufunguliwi; ukifunguliwa kabla hazijakauka, zinanywea. Watu wa kuku nao wanataka kuchoma hoho kwa moto mkali ili wazimenye. Weka oveni mbili tu hapo katikati, utaona watu wa ghorofa ya pili wanavyotoka kwenye meza yao kwenda kuuliza, "Nyie mnatoa saa ngapi?" Mimi huwa sisemi nani aanze. Najua jibu, na nanyamaza.

Jiko la Kifaransa limejengwa juu ya kutegemeana namna hiyo. Escoffier, yule mpishi maarufu wa Kifaransa ambaye alishapika jeshini kwenye vita vya 1870 kabla hajaenda hoteli ya Savoy ya London, aliligawa jiko lake mafungu: huyu sosi, huyu samaki, huyu vitu vya baridi, na sahani moja hupita mikono mitatu minne kabla haijafika mezani. Mpaka leo wapishi wanaliita brigade, neno la kijeshi. Sisi wa pwani hilo tumelikuta shughulini. Mmenya vitunguu hagusi sufuria la sosi ya biriani, na wa sosi hagusi wali, lakini wa wali akichelewa wote mmechelewa.

Kaka wa stoo mweke meza ya profiterole, tena mpe mwiko. Nakueleza kwa nini. Unachemsha maji robo lita na siagi gramu 100, unamwaga unga wa ngano gramu 150 wote kwa mpigo, unasonga. Ni kusonga ugali kabisa, na mtu asiyejua kupika lakini ana mkono wa kazi analiweza. Donge linaanza kuachana na sufuria, chini panabaki utando mwembamba mweupe. Hapo unaepua, unaacha lipoe kidogo ili mayai yasiive yakigusa, kisha yai moja, unasonga, yai la pili, mpaka manne. Yai la kwanza likiingia donge linakatikakatika, vipande vinateleza kama sabuni, na kila mtu anaamini ameharibu. Nimeshuhudia watu wazima wakinitazama wakitaka ruhusa ya kumwaga. Mmoja anashika sufuria kwa vitambaa viwili, mwingine anasonga kwa nguvu, na ghafla linashikana tena, laini, linang'aa. Ukiinua mwiko linaning'inia ncha ya pembe tatu kama mdomo wa ndege. Waliopita hapo wawili wakiwa wameshika sufuria moja huwa wanaongea tofauti baada yake. Ndiyo sababu ninataka mshika sufuria awe wa ghorofa nyingine.

Sasa vizuizi, na hapa kuwa mkali kabisa. Kuku mwambie mpishi awe wa halali, wauzaji wamejaa mtaa wa Guillotière hapa Lyon, asiwe na sababu. Watu wengi huweka nyama ya nguruwe ya Bayonne na divai nyeupe kwenye kuku huyu. Vyote viwili viondolewe kwa meza nzima, msipikiwe sufuria lenu pembeni kama wagonjwa. Wakikushauri coq au vin (jogoo wa divai) au nyama ya ng'ombe ya Bourgogne, kataa, zote zinapikwa ndani ya divai. Watasema pombe yote inaruka ikipikwa, na si kweli, nyingine hubaki. Mjamzito aepuke mayai mabichi, yaani mousse ya chokoleti na mayonezi, na jibini ya maziwa mabichi pia. Krimu ya kujazia inachemshwa mpaka itoe mapovu, hiyo haina neno.

Na huyo mwenye mzio: hapa Lyon kila darasa litakupigia debe tarte aux pralines, ile nyekundu. Nzuri kwa macho, lakini praline hizo ni lozi zilizovishwa sukari. Sheria ya Ulaya inataja vitu 14 vya mzio ambavyo muuza chakula lazima avitaje. Omba orodha hiyo kwa maandishi, ulizia pia chokoleti yao imepita kiwanda chenye njugu au la. Usikubali jibu la mdomo kwenye simu.

Fundi wa Bamburi (Mombasa)

Mama Sosi amesema kweli tupu. Nimepika hotelini miaka mingi, naongeza vidogo. Waambie waje na viatu vilivyofunika vidole. Kila ubao wa kukatia uwekewe kitambaa kibichi chini usiteleze. Na glasi za vinywaji zitoke visu vikishaoshwa, si kabla.

Binti Pangani

Shikamoo Mama Sosi, na ahsanteni wote. Nimeisoma mara tatu. Kuna jipya: meneja anasema anataka mashindano, meza kwa meza, yeye na naibu wake wawe waamuzi na atoe zawadi. Nimwambieje?

Mama Sosi

Marahaba mwanangu. Mwambie hapana, kwa heshima, na mpe sababu. Mashindano yakiingia, meza zinafichana. Mwenye krimu iliyoganda hatakwenda kuuliza jirani, na wewe ulitaka hasa aende kuuliza. Tena kati ya hizo meza nne kila moja inapika kipande cha mlo mmoja, sasa atampa nani zawadi, kuku au kiazi?

Meneja mweke meza ya gratin, akate viazi. Mpange chini ya mtu wa umri mdogo anayejua kupika, asichague kikundi chake mwenyewe. Viazi kilo tatu kwa kisu ni kazi ndefu, na mtu akiwa ameinamia kiazi, wengine wanapata nafasi ya kumsemesha. Usimpe ile mashine ya kukatia vyembamba, mgeni huondoka na ncha ya kidole.

Binti Pangani

Nimeongea naye. Mashindano ameyaacha, viazi amekubali. Kaka wa stoo nimemwambia atasonga, akaniuliza ni kusonga kitu gani, nikamwonyesha kwa mkono hewani pale koridoni. Ameniomba nisimweke na mtu wa idara yetu.

Nimepiga simu kwenye ukumbi leo asubuhi. Orodha ya mizio wanaituma kesho kwa maandishi, kuku wa halali wamekubali. Oveni ziko tatu. Nimewaomba watuzimie moja.