Mrejesho: presha ya macho ya mzee, upasuaji wa tundu dogo

Asanteni wakuu. Niliuliza kama mzee wetu wa Mbarara, mwenye glaukoma ya pembe wazi (presha ya jicho inayoharibu neva ya kuonea taratibu), anaweza kukwepa upasuaji mkubwa. Anaweza, mradi neva haijachakaa sana.

Daktari anapitia tundu la milimita 2 hivi kwenye konea (kioo cha mbele ya jicho), anaingiza uzi wa proleni 5-0 (uzi mwembamba wa plastiki wa kushonea) kwenye mfereji unaotoa maji ya jicho, anauzungusha digrii 360, kisha anauvuta uchane ukuta wa ndani. Ncha ya uzi huchomwa kidogo kwanza iwe butu, la sivyo inatoboa njia isiyo yake. Uzi wenyewe ni rahisi. Vile vibomba vya titani, vinavyopandikizwa ndani ya jicho kutoa maji, ndivyo ghali.

Siku za mwanzo damu hukusanyika mbele ya jicho: alale kichwa kikiwa juu, asiiname shambani. Matone ya steroidi nayo yanaweza kupandisha presha, kwa hiyo ipimwe kila anaporudi kliniki. Na msitegemee presha ya 10 (mmHg). Mara nyingi hukaa 15 hadi 18, maana maji bado yanamwagikia kwenye vena zenye presha yake. Neva inayodai chini ya 12, hiyo mara nyingi ni trabekulektomi, ule upasuaji mkubwa wa kufungua njia mpya ya maji; hakuna njia ya mkato.