Nianze na msimu upi wa hoki ya barafu ya wanawake (PWHL): 2024 au 2024–25?

mama_tunu_mn
Wakuu salaam. Niko Minnesota, majirani wamenichosha na hii timu yao ya kina dada, Frost, mijezi ya zambarau kila kona, na mi hoki sijawahi kuifuatilia hata dakika moja. Nimeona gemu za zamani zipo YouTube, sa nataka nichague msimu mmoja niumalize kabla sijaenda uwanjani na watu nisionekane mshamba. Najua kombe wamebeba Minnesota misimu yote miwili ya mwanzo kwa hiyo msiogope kunimwagia matokeo. Upi mtamu?

kipa_wa_zamani
2024 dada, bila kufikiria mara mbili. Ligi ndo inazaliwa, timu 6 (Boston, Minnesota, Montréal, New York, Ottawa, Toronto), hazina hata majina, jezi imeandikwa jina la jiji au jimbo kwa mshazari basi. Gemu ya kwanza kabisa Januari 1, Toronto wako kwao, New York wakaja wakawapiga 4-0. Halafu angalia mwisho wake, Minnesota wamepoteza gemu 5 mfululizo wanamaliza msimu, wanasubiri tu Ottawa wateleze, na waliowafunga Ottawa siku ya mwisho ni Toronto. Yaani Toronto ndo waliowaingiza Minnesota kwenye mtoano kwa mkono wao wenyewe!! Na kanuni ya ligi hii anayeongoza msimamo anachagua mpinzani wa nusu fainali kati ya wa tatu na wa nne, Toronto wakachagua haohao Minnesota. Wakashinda mbili za kwanza 4-0 na 2-0, wakafungwa tatu zilizofuata. Kwaheri.

Bwana Ubao
Umesahau kusema kwenye gemu ya tatu Natalie Spooner aliumia goti. Huyo ndo alikuwa mfungaji bora, magoli 20 kwenye gemu 24, na akawa mchezaji bora wa msimu. Bila yeye Toronto wakapata goli 1 tu kwenye gemu mbili zilizobaki. Sa watu wanasema laana ya kuchagua, mi naona ni goti.

kipa_wa_zamani
@Bwana Ubao na Montréal 2025 je? Wameongoza, wakachagua Ottawa, wakatolewa kwa gemu 3 kwa 1. Goti la nani hapo

Bwana Ubao
Hapo sina jibu 😂 ila umenisaidia hoja, maana mi nasema aanze na 2024–25. Gemu zimeongezeka kutoka 24 hadi 30, timu zimepata majina (Frost, Fleet, Victoire, Sirens, Charge, Sceptres), wachezaji wameshazoeana, kasi iko juu na miili inagongana kwelikweli. Siku ya mwisho ya ligi nafasi mbili za mtoano bado ziko wazi, Minnesota wakamfumua Boston 8-1, Boston ya Hilary Knight ikabaki nje, wakati mwaka uliotangulia ilicheza fainali. Na Knight mwenyewe ndo alikuwa kinara wa pointi msimu ule, 29, sawasawa na Sarah Fillier wa New York.

Halafu ile nusu fainali ya Montréal na Ottawa, gemu ya pili. Ovataimu NNE. Catherine Dubois ndo akamaliza 3-2. Mashabiki wengine nadhani walishalala kwenye viti.

mama_tunu_mn
Ngoja kwanza, ovataimu nne? Hakuna penati?

shangazi_wa_laval
Kwenye ligi ya kawaida zipo mwanangu, dakika 5 za nyongeza wachezaji watatu kwa watatu, ikishindikana penati. Mtoano hakuna huruma, wanacheza kikosi kamili vipindi vya dakika 20 mpaka mtu afunge. Na pointi zao usizisome kama za mpira wa miguu, ukishinda ndani ya dakika 60 unapata 3, ukishinda baada ya hapo 2, na aliyefungwa huko kwenye nyongeza anaondoka na 1. Ndo maana msimamo unabanana hivo.

Kingine utakachoshangaa, mtu akitolewa dakika 2 timu inabaki pungufu, sasa hao pungufu wakifunga goli yule aliyefungiwa anatoka palepale. Hii ya PWHL, ligi kubwa ya wanaume NHL hawana.

Mimi naishi huku Montréal na kwa roho yangu ningesema 2024, kwa sababu ya Aprili 20, uwanja wa Bell Centre watu 21,105 kwa gemu ya hoki ya wanawake, rekodi ya dunia ya hoki ya wanawake wakati ule. Tukafungwa na Toronto 3-2 ovataimu lakini nani alijali. Ila fainali ya 2025 ni bora, nakubali kwa shingo upande. Minnesota na Ottawa gemu 4, zote 2-1, zote ovataimu. Zote! Na tuzo ya bora wa mtoano akapewa Gwyneth Philips, kipa wa Ottawa, timu iliyofungwa, binti msimu wake wa kwanza aliyeingia baada ya kipa namba moja kuumia.

ziwa_barafu254
Sisi wa Nairobi tunajua barafu ya hoteli ya Panari tu lakini tuko ndani, Kenya imeingia shirikisho la dunia IIHF 2024 kwa hivyo msituone wageni 😎

Mi nasema angalia 2024 lakini mtoano pekee. Fainali gemu ya nne, Minnesota wako kwao St. Paul na Boston, 0-0 hadi ovataimu ya pili, Sophie Jaques anafunga, Minnesota wamerusha glovu na helmeti juu wakijua ni mabingwa, marefa wanarudi kwa video, goli limekataliwa kwa sababu kipa alizuiwa. Wakaokota vitu vyao barafuni. Dakika kama moja hivi baadaye Alina Müller akawafungia Boston goli la ushindi. Hiyo hali msimu wa pili haina.

kipa_wa_zamani
Na wakaenda Lowell kuwafunga Boston 3-0 kwenye ya tano. Nimemaliza.

Bwana Ubao
Hujamaliza, hiyo ni gemu moja, anauliza msimu

mama_tunu_mn
Haya basi, mtoano wa 2024 wikendi hii, halafu 2024–25 naanzia hiyo 8-1 kwenda mbele. Shangazi nikikwama kwenye kanuni nakuja inbox. Na huyo Jaques nimemtafuta kwenye kikosi cha sasa simuoni?

shangazi_wa_laval
Ligi iliongeza Vancouver na Seattle kwa msimu wa 2025–26, yeye akaenda Vancouver na Claire Thompson. Majirani zako wakianza kununa ukimtaja, ndo sababu.