Karavani ya msimu, kempa au kijumba: kipi kinafaa kaskazini mwa Sweden wakati wa baridi?

Mama Neema (Umeå)

Habari zenu ndugu. Tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 9, na mwaka huu mimi na baba yao tumekataa kukaa ndani likizo nzima ya majira ya baridi. Huku kwenye mkoa wetu wa Västerbotten likizo hiyo huangukia wiki ya 10, mwanzoni mwa Machi. Februari tunataka pia kwenda kwenye soko la Jokkmokk, lile la Wasami, wenyeji wa asili wa huku kaskazini. Njia tunazozifikiria ni tatu. Tununue karavani kuukuu, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, tukodi nafasi ya msimu Hemavan, kijiji cha milimani, na kuiacha huko hadi Aprili. Au tukodi kempa, gari lenye vitanda na jiko ndani, tuzunguke nayo. Au tukodi kijumba cha mbao kila tunapotoka, ingawa kwa usiku mmoja hicho ndicho kinachotuumiza mfukoni. Mwenye uzoefu aniambie ukweli, hasa kuhusu kulala na watoto nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri.

Fundi Juma (Luleå)

Dada, salama? Mimi nina karavani mwaka wa saba sasa, na ningechukua nafasi ya msimu bila kusita. Lakini kabla hujatazama mapazia na makabati, tazama hita. Ziko aina mbili. Moja hupuliza hewa moto kwa feni. Nyingine huzungusha maji yenye glaikoli (dawa ya kuzuia kuganda) kwenye mabomba yanayopita kando ya kuta na nyuma ya vitanda, kama radieta za nyumbani. Ya feni inapasha haraka, ndani ya nusu saa umevua koti. Shida yake ni pembe ambazo hewa haifiki.

Karavani yangu ya kwanza ilikuwa ya feni. Usiku wa tatu niliinua godoro la mwanangu nikakuta limeshikana na ukuta kwa barafu. Nilipolivuta lilitoa sauti kama kitambaa kinachochanika, na upande wa chini ulikuwa umelowa chapachapa, una madoa meusi ya ukungu. Mtoto alikuwa amelala juu yake siku zote hizo, na sisi tunajisifu kwamba ndani kuna nyuzi 20. Niliumia sana.

Tangu hapo unyevu naupigania kuliko baridi. Watu wanne wakilala wanapumua maji usiku kucha. Suruali za theluji zinakaukia humo humo ndani. Na gesi yenyewe ni maji: kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Hita hupeleka moshi wake nje, lakini jiko la kupikia linamwaga mvuke wote chumbani. Kwa hiyo pika sufuria ikiwa imefunikwa, tundu la paa liache wazi kidogo hata kama roho inakuuma kupoteza joto, na magodoro yasigusane na ukuta. Nguo za theluji zibaki kwenye hema la mlangoni.

Dereva wa Tromsø (Norway)

Mimi naitetea kempa. Huku jua hatulioni kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, na mtu anayetaka kuona taa za kaskazini, ile mianga ya rangi angani usiku, hawezi kufungwa sehemu moja. Pwani ikifunikwa na mawingu, nawasha gari naelekea bara, na mara nyingi saa mbili mbele anga ni safi. Karavani iliyozikwa kwenye theluji Hemavan haikupi hilo.

Ila kempa ina masharti yake. Tangi la maji liwe ndani, kwenye sehemu inayopashwa joto. Dizeli jaza huku huku kaskazini. Wapo wanaopanda na dizeli ya kusini mwa Ulaya, usiku inaganda kama mafuta ya nazi, na asubuhi injini haiwaki wala hita ya dizeli haiwaki. Betri ya lithiamu usiichaji ikiwa chini ya sifuri, inaharibika. Breki ya mkono usiivute usiku, inaweza kuganda ikashika. Weka gia na kabari kwenye magurudumu.

Na boila nyingi, yaani matangi ya kupashia maji, zina vali ya usalama inayofunguka yenyewe joto likishuka karibu na nyuzi 3, inamwaga maji yote chini. Mara ya kwanza nilidhani tangi limepasuka. Vali ilikuwa inafanya kazi yake, mimi ndiye nilizima hita nikaenda kutembea.

Mama Neema

Asanteni sana. Fundi Juma, nafasi tuliyoambiwa ina umeme wa ampea 10. Unatosha, au bado tutanunua gesi?

Fundi Juma

Piga hesabu: ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300, basi. Ukitoa birika na taa, hita inabaki na kidogo. Kukiwa nyuzi 5 au 8 chini ya sifuri umeme peke yake unatosha. Zikifika 25 hautoshi, gesi lazima isaidie. Kwetu mtungi wa kilo 11 ulikwisha siku ya tatu kwenye baridi kali, kwa hiyo uwe na miwili. Ukipata nafasi ya ampea 16, ongeza hela uichukue.

Hakikisha ni propani. Propani inaendelea kutoa gesi hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani inasimama kwenye sifuri tu. Mtungi unaweza kuwa umejaa na jiko lisiwake.

Halafu majirani watakuonyesha kulundika theluji kuzunguka karavani ili upepo usipite chini ya sakafu. Inasaidia kweli, sakafu inakuwa tofauti kabisa. Lakini matundu ya sakafuni na ya sanduku la mitungi usiyazibe hata kwa dakika moja. Propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutoka.

Mama wa Minnesota

Naongeza moja tu. Bomba la moshi lililo juu ya paa lifukueni kila asubuhi theluji ikianguka, na wekeni kengele ya kaboni monoksidi karibu na wanapolala watoto. Sisi tuliamka wote wanne vichwa vinatuuma, tukadhani ni mafua. Gesi ile haina rangi wala harufu.

Baba Amani (Kiruna)

Mama Neema, kwa Hemavan nakubaliana na Fundi. Jokkmokk ni habari nyingine. Soko lile huanza Alhamisi ya kwanza ya Februari hadi Jumamosi yake, limekuwepo tangu 1605, na mara nyingi baridi yake ndiyo ile ya kukata pumzi. Mtasimama nje kutwa mkitazama kazi za mikono za Wasami na mbio za kulungu wa theluji. Watoto wakirudi usiku wanataka chumba kikavu na sehemu ya kukaushia viatu. Chukueni kijumba, na mkitafute mapema sana, maana hujaa.

Karavani iwe ya Machi. Wasami wanahesabu majira manane, na hayo yaliyo kati ya baridi na kuchipua ndiyo matamu kuliko yote: theluji bado imejaa, urefu wa mchana unakaribia saa 12, jua linakuchoma uso. Kaeni juu ya ziwa lililoganda na ngozi ya kulungu, mtoboe tundu, mvue samaki. Barafu iwe ngumu, ya sentimita 10 kwenda juu, na kila mmoja, hata mtoto, avae shingoni vile vishikio viwili vya ncha za chuma vya kujivutia ukitumbukia.

Mama Neema

Mmetusaidia kuamua: kijumba Jokkmokk, karavani Hemavan, na kempa tutaikodi siku watoto wakiwa wakubwa. Jumamosi tunaenda kuona karavani moja ya hita ya maji.

Fundi Juma

Nenda na tochi. Fungua makabati, bonyeza kwa dole gumba kwenye pembe zote na chini ya dirisha la mbele. Ubao ukibonyea, maji yameshaingia ukutani. Msiinunue hata wakishusha bei.